Uzi: Kumgeuza gadi mfungaji awe pointi gadi. Tuanze na macho, mikono itafuata

#1 (Mleta uzi)

Habari zenu wakuu. Uzi huu nimeubeba kichwani muda mrefu, leo nimeamua kuushusha wote. Nafundisha kikapu vijana wa miaka 13 hadi 18, na kila msimu naulizwa swali lilelile: tuna gadi mdogo, mwepesi, anafunga, tunataka awe pointi gadi, yaani yule anayeshika mpira na kuongoza mashambulio ya timu, tufanyeje? Jibu linalotolewa mara nyingi nalo ni lilelile: mpe mipira miwili adunde, mpangie koni azizunguke. Miezi sita ikipita kijana anadunda utadhani mpira umefungwa kamba kiganjani, ila wenzake wanne wamesimama wanamtazama.

Naanza na kosa langu, maana ndilo lililonifundisha. Nilikuwa na kijana wa miaka 15, mfungaji haswa, mrushaji mzuri kutoka kona zote mbili. Gadi wetu mkubwa alipoumia kifundo cha mguu nikamkabidhi yeye mpira. Mimi nikawa nasimama pembeni namwambia kila kitu: "Peleka kulia! Subiri! Toa sasa!" Tulishinda mechi kadhaa kwa mtindo huo, nikajiona nimemaliza kazi. Kisha tukacheza kwenye ukumbi uliojaa watu, kelele hadi hujisikii mwenyewe. Kijana akavuka mstari wa kati, akanigeukia, akawa anadunda huku akinitazama mdomo. Mlinzi wake aliuchukua ule mpira kama mtu anayeokota kitu mezani, akaenda kufunga peke yake. Usiku ule sikulala vizuri. Niliona wazi kwamba pointi gadi wa timu yetu nilikuwa mimi, na yule kijana nilikuwa nimemfanya mikono yangu tu.

Tangu siku ile nimebadili utaratibu wangu wote.

Watu husema pointi gadi ni kocha ndani ya uwanja. Ni kweli, lakini mwambie hivyo kijana wa miaka 14 uone atafanya nini kesho yake mazoezini. Hana pa kuanzia. Mimi naanza na saa. Kwa sheria za FIBA, shirikisho la kikapu duniani, timu ina sekunde 8 za kuvusha mpira mstari wa kati, na sekunde 24 za kurusha shuti linalogusa ringi. Shuti lenu likigonga ringi likakosa na mkaudaka tena mpira ninyi wenyewe (ribaundi), saa inarudishwa kwenye 14. Sasa mwache kijana apige hesabu. Akijivuta na kuvuka kwa sekunde 7, zimebaki 17. Kupanga watu kunakula 4 au 5. Mpango wa kwanza ukizibwa, muda wa mpango wa pili ni wa kugombania, na shuti litarushwa na mtu mwenye mkono wa mlinzi usoni. Akivuka kwa sekunde 4 anaweza kujaribu, akashindwa, akajaribu tena ndani ya shambulio hilohilo.

Zoezi langu la saa ni rahisi. Tunacheza watano kwa watano, saa naifunika kwa kitambaa. Nikipiga filimbi kila mtu anaganda alipo, namuuliza pointi gadi: zimebaki ngapi? Mwanzoni anakosea kwa sekunde 8, hata 10. Baada ya wiki kadhaa anakosea kwa 2, na ukimuuliza amejuaje hawezi kukueleza.

Sasa macho. Kudunda ni lazima, siwadanganyi. Mkono wa kushoto ukiwa dhaifu, mlinzi mzuri atakusukumia huko hadi kwenye mstari wa pembeni, na mstari ule ni mlinzi wa ziada asiyechoka. Ila kudunda kwa pointi gadi kuna shabaha moja: macho yawe huru. Kwa hiyo kwangu hakuna zoezi la kudunda lisilo na kitu cha kusoma. Nasimama chini ya kikapu nanyoosha vidole, anataja idadi huku anadunda. Akizoea, msaidizi wangu anakaa kona, tunanyoosha vidole kwa pamoja, anajumlisha. Kisha naweka mlinzi wa kumsumbua na hesabu inaendelea. Vijana wengi hupoteza mpira hapo, na hapo hasa ndipo mazoezi yanapoanza.

Kuna pia kudunda kwa kurudi nyuma, jambo ambalo sioni likifundishwa vya kutosha. Gadi mfungaji amezoea kwenda mbele tu. Akitegwa na walinzi wawili anaukumbatia mpira, anageuza mgongo, imekwisha. Hatua mbili za kurudi nyuma, macho mbele, mpira upande ulio mbali na mlinzi, zinawavuta wale wawili watoke mbali na kikapu. Nyuma yao wenzake wamebaki wanne dhidi ya watatu. Mtego ule umewagharimu waliouweka.

Nije kwenye kiini chenyewe. Mfungaji anamsoma mlinzi wake. Pointi gadi anamsoma mlinzi wa mtu mwingine. Chukua skrini ya kawaida kabisa: senta, yule mrefu wa chini ya kikapu, anapanda juu, anasimama kumzuia mlinzi wa gadi wako. Mfungaji ana swali moja kichwani, je, nimepata nafasi ya kurusha? Pointi gadi anaangalia watu watatu. Mlinzi wangu kapita juu ya skrini au chini yake? Mlinzi wa senta kapanda kuja kwangu au kabaki nyuma kulinda ringi? Na wa tatu, ambaye ndiye mwenye jibu: yule anayemlinda mrushaji wetu wa kona ya mbali, ameiacha kona kuja kumziba senta anayekimbilia kikapu?

Mlinzi akipita chini ya skrini, rusha. Akipita juu, muweke mgongoni na utembee naye polepole, asipate tena kukaa mbele yako. Wakikujia wote wawili, mpira utoke mapema kabla mikono yao haijakufunga. Na yule wa kona akiingia ndani, pasi ni ya kona, tena inapigwa wakati mguu wake ndio kwanza unaingia. Ukisubiri aingie kabisa umechelewa, ameshaanza kurudi.

Haya hayafundishiki kwa watano kwa watano, vurugu ni nyingi mno. Naanza wawili kwa mmoja, wawili kwa wawili, halafu watatu kwa watatu, na hapo kwenye tatu nakaa hata mwezi mzima. Mlinzi wa kona namnong'oneza kabla: safari hii ingia, safari ijayo baki, ijayo jifanye unaingia. Gadi hajui. Kazi yake ni kuufuata ule mguu. Nikisimamisha mchezo namuuliza "umeona nini?" Zamani nilikuwa nauliza "kwa nini umefanya vile?", nikagundua swali hilo linamfanya ajitetee. La kwanza linamfanya akumbuke picha.

Anayetaka mfano wa macho amtazame Steve Nash. Alikulia Victoria, Kanada, utotoni akicheza soka kabla hajazama kwenye kikapu. Kwenye uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, ligi kuu ya Marekani, alichaguliwa wa 15 mwaka 1996, akaja kuwa MVP, mchezaji bora wa msimu, mwaka 2005 na 2006. Hakuwa mrukaji, na gadi wenye mbio kumzidi walikuwa wengi. Alichokuwa nacho ni kukataa kuacha kudunda mapema. Aliingia chini ya ringi akidunda, nafasi isipokuwepo alitokea upande wa pili bado anadunda, na katika ule mzunguko kuna mlinzi mmoja angepoteza mtu wake. Waonyesheni vijana video zake, lakini wayaelekeze macho kwa walinzi, wamwache Nash mwenyewe.

La mwisho, na hili naliandika kwa uchungu kwa sababu nimeona vipaji vikifia hapa. Gadi aliyekuwa anapoteza mpira mara moja kwa mechi, ukimfanya pointi gadi atapoteza mara tano. Kocha anakasirika, anamkalisha benchi. Wiki inayofuata kijana amejifunza somo, ila si lile ulilotaka: anapiga pasi fupi za pembeni, salama, zisizomuumiza mtu yeyote, na timu pinzani inafurahi.

Tazama wakubwa. Msimu wa 2016–17 kocha Mike D'Antoni alimkabidhi James Harden nafasi ya pointi gadi pale Houston. Harden akaongoza ligi nzima kwa pasi za kufungisha, 11.2 kwa mechi. Msimu huohuo alipoteza mipira 464, idadi ambayo hakuna mchezaji wa NBA aliyewahi kuifikia kwa msimu mmoja. Caitlin Clark naye mwaka wake wa kwanza WNBA, ligi ya wanawake ya Marekani, 2024, alitoa pasi za kufungisha 337, rekodi mpya ya msimu kwa wakati ule, na akapoteza mipira 223, nayo pia rekodi. Rekodi mbili, mtu mmoja, msimu mmoja. Anayeshika mpira kuliko wote na kujaribu pasi ambazo wengine hawazioni, lazima atapoteza.

Kwa hiyo mimi siulizi amepoteza mingapi, nauliza amepotezaje. Daftari langu lina safu tatu. Ya kwanza: amedunda kuingia kwenye kundi la watu bila kusoma chochote. Hiyo tunazungumza, na ikijirudia anakaa kidogo. Ya pili: ameona mtu sahihi, lakini pasi imechelewa au imeenda magotini. Hiyo ni ya mazoezini, kesho tunapiga pasi hiyo mara 50. Ya tatu: pasi sahihi, wakati sahihi, mwenzake hakuwa anatazama. Hiyo namuita aliyeikosa, gadi nampigia makofi mbele ya wote.

Karibuni kwa maoni na maswali. Nikitoka mazoezini nitajibu.

#2

Asante sana kocha kwa uzi. Mimi si mchezaji, ni mzazi tu. Mwanangu ana miaka 14, alikuwa anafunga pointi 18, 20 kwa mechi. Kocha wake kamhamishia pointi gadi tangu msimu uanze, sasa anafunga 8 au 9. Anarudi nyumbani kanuna, hasemi na mtu. Juzi kaniambia anataka niende nikamwombe kocha amrudishe alipokuwa. Sitaki kuingilia kazi ya mwalimu, lakini pia sitaki kuona mtoto anachukia mchezo alioupenda. Nifanye nini?

#3

Mleta uzi heko, umeandika mambo mazito. Ila mimi ni kocha pia na nina mawili ya kukupinga, kwa heshima.

Moja, si kila gadi mfupi ni pointi gadi. Tuna tabia ya kupima watoto kwa urefu: mrefu kaa chini ya kikapu, mfupi shika mpira. Wengine ni wafungaji kwa damu, ukiwapa timu nzima waiongoze unawapoteza wao na timu.

Mbili, hiyo falsafa yako ya kuvumilia mipira kupotea ina bei. Nimewahi kuwa na gadi niliyemwachia ajifunze, anapoteza saba, nane kwa mechi. Kufika nusu ya msimu senta wangu aliacha kukimbia. Nilipomuuliza akaniambia: kocha, nikimbie niende wapi, mpira haufiki. Wenzake nao ni watoto, nao wana haki ya kukua.

#4 (Mleta uzi)

Naanza na mzazi. Mama au baba, samahani sijajua, nakushukuru kwa kuuliza kabla ya kwenda kwa kocha. Muulize kwanza mwanao swali dogo: je, umeacha kurusha kwa sababu huna nafasi, au kwa sababu unadhani pointi gadi haruhusiwi? Nakuhakikishia wengi ni hilo la pili. Wakipewa cheo hiki wanadhani wamekatazwa kufunga. Hapo wanaharibika kweli, maana mlinzi akishajua hutazami ringi anarudi nyuma hatua mbili, anaziba njia zote za pasi, na hata hizo pasi zenyewe zinakufa. Gadi anayetishia kufunga ndiye anayefungua wenzake.

Stephen Curry chuoni Davidson alikuwa mfungaji wa pembeni, mpira ukiongozwa na Jason Richards. Richards alipomaliza chuo, msimu wa 2008–09 Curry akahamia pointi gadi. Pasi zake za kufungisha zilipanda kutoka 2.9 hadi 5.6 kwa mechi, na wakati huohuo akaongoza vyuo vyote vya daraja la kwanza Marekani kwa kufunga, pointi 28.6. Hakuacha kurusha, aliongeza kitu kingine juu ya kile alichokuwa nacho. Kwa hiyo zungumza na kocha, lakini swali lako liwe: mwanangu ana ruhusa ya kurusha akipata nafasi? Kocha akisema ndiyo, mwambie amwambie mtoto mwenyewe, uso kwa uso. Mtoto anahitaji kulisikia kutoka kwake.

Na muda, mzazi wangu. Chauncey Billups alichaguliwa wa 3 mwaka 1997 na ndani ya msimu wa kwanza akahamishiwa timu nyingine. Alizunguka timu kadhaa watu wakibishana kama ni mfungaji au pointi gadi. Mwaka 2004 alikuwa mchezaji bora wa fainali akiwa Detroit. Hiyo ni miaka saba, tena ya mtu mzima aliyekuwa tayari NBA. Wa kwako ana msimu mmoja haujaisha.

Kocha wa #3, la kwanza nakubaliana nawe kabisa. Urefu haunipi taarifa yoyote. Magic Johnson alikuwa na mita 2.06 na aliongoza timu kuliko gadi yeyote wa wakati wake. Kabla sijamgeuza mtu natafuta dalili zangu. Anatazama wapi kabla mpira haujamfikia? Akiwa benchi anaongea na nani? Mwenzake akikaa wazi asipewe mpira, yeye anakereka? Hiyo ya tatu ndiyo ninayoiamini zaidi. Mtoto anayeumia kwa niaba ya mwenzake aliyenyimwa mpira, huyo nitamfundisha mengine yote.

La pili umenigusa, na huyo senta wako amesema kweli tupu. Niliandika kama vile uvumilivu hauna mwisho. Una mwisho. Natenganisha mpira uliotoka nje na mpira ulionyang'anywa hai katikati ya uwanja. Ukitoka nje, tunarudi, tunapanga ulinzi, hasara ni shambulio moja. Ukinyang'anywa katikati ni kama umewapa leiapu ya bure, shuti la chini kabisa ya ringi bila mlinzi. Za aina hiyo zikifika tatu namtoa dakika mbili, anakaa pembeni yangu, tunatazama pamoja, anarudi. Na wale wanaokimbia nawalipa: nina sheria kwamba senta akitangulia kufika kwenye kikapu kabla ya mlinzi wake, pasi ya kwanza ya shambulio ni yake, hata kama si nafasi nzuri kuliko zote. Pointi gadi lazima ajue nani hajagusa mpira kwa dakika tatu. Hilo sikuliandika mwanzo na lilistahili kuwa juu kabisa.

#5

Shikamoo kocha. Nina miaka 16, nimefanywa pointi gadi mwaka huu. Mazoezi ya vidole nimeanza leo, ni magumu. Nina maswali mawili. Wenzangu wengi ni wakubwa kwangu, nikiwapanga hawanisikilizi. Pili, mwisho wa robo nachanganyikiwa, sijui niharakishe au nitulie.

#6 (Mleta uzi)

Marahaba mdogo wangu. Vidole vikiwa vigumu ujue unafanya sawasawa.

Kuhusu wakubwa. Ukisema "Jamani tulieni!" umesema hewani, hakuna aliyeitwa. Taja jina, taja mahali: fulani, kona ya kushoto. Sauti fupi, kabla hujavuka mstari wa kati, siyo ukiwa umeshasimama. Na ili uwe na haki ya kumpanga mtu mahali, ujue mahali hapo kuliko yeye. Mimi vijana wangu nawachezesha nafasi zote tano katika kila mpango wetu, pointi gadi anasimama hata alipo senta. Usiku chora mipango yenu kwenye karatasi bila kuchungulia, nukta tano, mishale yote. Siku mkubwa wako atakaposahau aende wapi katikati ya mechi na wewe ukamwonyesha kwa kidole, akaenda, akafunga, hatakuuliza tena una miaka mingapi. Jambo jingine: akikosa shuti ulilompa, mrudie tena mapema. Watu humsikiliza anayewaamini.

Kuhusu mwisho wa robo, kuna hesabu moja ambayo ukiijua utaona kila mtu mwingine anacheza gizani. Tuseme zimebaki sekunde 35 na mpira ni wenu. Mkikaa nao hadi saa ya 24 iishe, mtarusha zikiwa zimebaki kama 11, wapinzani watachukua shuti la mwisho. Lakini mkipata shuti zuri zikiwa zimebaki 29 au 30, wapinzani hata wakitumia sekunde zao zote 24, mpira unaweza kuwarudia ninyi na sekunde 4 au 5 mkononi. Mashambulio mawili kwa moja la kwao. Ndiyo maana zikiwa kati ya 32 na 38 unaharakisha kidogo, bila pupa. Shuti baya halina faida hata likiwahi. Zikishuka chini ya 24 hauna haraka yoyote, shuti la mwisho ni lenu. Anza kitendo chenyewe zikiwa zimebaki 8 au 9, siyo 4. Waliosubiri hadi 4 ndio wanaorusha kutoka mbali wakiwa wanaanguka.

#7

Kocha uzi umenoga, niongeze kidogo. Mimi nafundisha wasichana, nilicheza gadi miaka mingi.

Umeongelea sana kuona, lakini pasi yenyewe ina ufundi wake. Vijana wetu wanapiga pasi ya kifua kwa mikono miwili kila mahali kwa sababu ndiyo waliyofundishwa kwanza. Ukiwa unadunda kwa kushoto, ukasimama, ukashika kwa mikono miwili, ukapiga, umempa mlinzi muda mzima wa kusogea. Pasi ya pointi gadi itoke moja kwa moja kwenye kudunda, kwa mkono uleule, kulia na kushoto. Nawapanga wawili wawili, wanadunda na kupiga pasi ya mkono mmoja ukutani, 100 kushoto kwa kila 50 za kulia. Na ile pasi ya kudunda inayopita kati ya walinzi wawili kumfikia senta anayekimbilia kikapu, ipigwe ipande hadi kiunoni mwake. Ikimfikia magotini ameshapoteza hatua.

La pili ni uchovu. Gadi akichoka, macho yanaanguka kabla ya miguu. Dakika tano za kwanza anaona uwanja wote, robo ya nne anaona mlinzi wake tu. Kwa hiyo mazoezi ya kusoma mimi nayaweka mwishoni, wakiwa wamekimbia hadi wanashika magoti. Wanalalamika. Lakini maamuzi ya mechi yanafanywa katika hali ile.

Halafu kocha, hujatumalizia. Yule kijana wako wa miaka 15 aliyekuwa anakutazama mdomo, ikawaje?

#8 (Mleta uzi)

Dada, hilo la uchovu nalichukua, kuanzia wiki hii zoezi la watatu kwa watatu linahamia mwisho. Sijui kwa nini sikuliona mwenyewe, maana makosa ya safu ya kwanza kwenye daftari langu yamejazana robo ya nne.

Yule kijana nilimrudishia mpira, na nikajiwekea sheria: mashambulio matatu ya kwanza ya kila robo nisifungue mdomo. Mwanzoni ilikuwa mateso kwangu na kwake. Aliendelea kunigeukia kwa mazoea, mimi natazama pembeni. Mechi nne tulifungwa mfululizo, na wazazi wawili walikuja kuniuliza kama naumwa.

Msimu uliofuata tulirudi ukumbi uleule, kelele zilezile, robo ya mwisho tuko nyuma kwa pointi 2. Skrini ikawekwa, walinzi wawili wakamjia. Nikasahau sheria yangu nikaanza kupiga kelele: "Toa! Toa!" Alininyooshea kiganja bila kunitazama, ninyamaze. Akarudi nyuma hatua mbili akidunda, akasubiri mlinzi wa kona aingie, pasi ikatoka kwa mkono wa kushoto hadi kwa mrushaji wetu aliyebaki peke yake kabisa.

Shuti liligonga ringi likatoka, tukafungwa. Kwenye daftari siku ile sikuandika kitu chochote upande wake isipokuwa saa: sekunde 6 zilikuwa bado.